ZANA ZA MAKANIKA NYUMBANI: TUSINUNUE KWA MACHO

Katika ziara zetu za matawi, baada ya mambo ya mishahara na likizo kwisha, swali moja limekuwa likitufuata mpaka nje ya mkutano. Wenzetu waliojinyima miaka kadhaa wakapata gari kuukuu, au waliokabidhiwa pikapu ya ukoo, wanatuuliza: tununue zana gani ili siku ya mapumziko tuweze kulitengeneza gari wenyewe nyumbani?

Swali hili si dogo. Gari la mfanyakazi likilala gereji, mshahara wake nao umelala huko. Kazi kama kubadili oili, plagi, filta ya hewa, mkanda wa feni au betri hazihitaji mtu aliyesoma chuo. Zinahitaji mikono, subira na zana zinazofaa. Sisi tunaokesha na mashine za kiwanda na matrekta ya shamba hatuwezi kushindwa na nati ya gari dogo.

Lakini tumeona pia hasara. Tumeona wenzetu wanaotoa akiba ya miezi mitatu kununua sanduku linalong'aa, na mkono wa soketi ukavunjika kwenye tairi la kwanza. Na tumeona jambo baya zaidi ya hasara ya fedha: mtu kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Fedha hutafutwa tena, roho haitafutwi. Kwa hiyo tumeona ni vema tuandike hapa yale tunayowaambia wenzetu kwa mdomo.

SANDUKU LA VIPANDE MIA

Madukani na barabarani utakutana na sanduku la plastiki lenye maandishi makubwa: vipande 94, vipande 108, vipande 216. Mchuuzi hulifungua polepole, na kila kitu kinameta. Hapo ndipo wengi wananaswa.

Ndugu, hesabu mwenyewe. Katika masanduku hayo, mara nyingi sehemu kubwa ya hesabu ni vichwa vidogo vya bisibisi, vidogo kuliko kidole. Kila kimoja kimehesabiwa kuwa zana. Kisha kuna soketi za vipimo ambavyo gari lako halina hata nati moja ya kuvitumia. Wewe umelipia mia na nane, na utakazotumia mwaka mzima hazifiki ishirini.

Hatusemi kila sanduku ni baya. Yapo mazuri. Tunasema tu kwamba wingi si kipimo. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na katika zana msemo huu ni kweli tupu. Spana ya chuma laini hupanuka mdomo. Ikishapanuka inateleza, na ikiteleza inakula kingo za nati. Nati iliyoliwa kingo haifunguki tena kwa spana yoyote, na sasa itakubidi umlipe fundi aikate kwa tindo au aichome. Spana ya bei ndogo imekuletea gharama kubwa, na pengine vidole vimechubuka juu yake.

NATI NDIZO ZINAZOCHAGUA SPANA

Kanuni yetu ya kwanza ni hii: usianze dukani, anza kwenye gari lako. Chukua karatasi na kalamu, fungua boneti, lala upande utazame chini, uandike nati zilizopo na kazi unazotaka kuzifanya. Ukiazima spana za jirani kwa saa moja utapata vipimo vyote. Orodha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Kwa magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi katika nchi zetu, mambo ni mepesi. Toyota, Nissan, Mitsubishi na ndugu zao hutumia zaidi milimita 10, 12, 14, 17 na 19, na nati za tairi mara nyingi ni 21. Kwa Toyota Corolla nyingi, bolti ya kumwagia oili ni 14 na soketi ya plagi ni 16. Spana ya 10 utaishika kila siku, maana ndiyo ya betri na vifuniko vingi. Nunua mbili, kwa sababu hiyo ndiyo inayopotea kwanza.

Magari ya Kijerumani kama Volkswagen na Mercedes-Benz yana tabia nyingine. Huko utakutana na 13 mara nyingi, na pia 16 na 18, ambazo kwenye gari la Kijapani ni nadra kuzihitaji.

Ndugu zetu wa mashambani wawe waangalifu zaidi. Trekta za zamani kama Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, na Land Rover za zamani, zina nati za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiweka spana ya 13 itaingia, utadhani umepata, kumbe ina nafasi ya kuteleza. Nati ya inchi tisa kwa kumi na sita ni milimita 14.29: spana ya 14 haiingii, na ya 15 inacheza. Lakini robo tatu ya inchi na milimita 19 ni karibu sawa kabisa. Basi mwenye gari la Kijapani asijaze sanduku lake spana za inchi, na mwenye Land Rover ya zamani asidanganywe kuwa milimita zitatosha.

ORODHA YA KUANZIA

Kwa mwenye gari dogo la Kijapani, sisi tunashauri aanze na hizi:

1. Spana zenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili: 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Upande wa ringi ndio wa kulegezea na kukazia, kwa kuwa unaishika nati pande zote. Mdomo wazi ni wa kuzungushia haraka nati ikishalegea.

2. Soketi za vipimo hivyohivyo, pamoja na 21 ya tairi na soketi ndefu ya plagi. Chagua soketi zenye pembe sita ndani, si kumi na mbili. Pembe sita hukamata ubavu wa nati, pembe kumi na mbili hukamata kingo, na nati yenye kutu huliwa upesi.

3. Racheti moja yenye kichwa cha nusu inchi, fimbo moja fupi na moja ndefu ya kurefushia. Pamoja nayo, mkono mrefu wa soketi usio na racheti. Huu mkono mrefu ndio wa kulegezea nati ngumu. Racheti ina meno madogo ndani, na ukiivika bomba ili upate nguvu, meno yanakatika.

4. Bisibisi bapa mbili na za nyota mbili, kubwa na ndogo. Bisibisi si patasi na si mtaimbo. Itumie kwa parafujo tu.

5. Koleo moja ya kawaida na moja yenye mdomo mrefu mwembamba.

6. Nyundo ya kilo moja au chini yake, brashi ya waya, na mafuta ya kulegezea kutu. Nati yenye kutu ipigwe brashi, imwagiwe mafuta, iachwe usiku kucha. Subira ni zana isiyouzwa dukani.

7. Karai la kumwagia oili, faneli, taa ya mkononi na matambara.

8. Mita ndogo ya umeme. Wengine wataiona ni anasa, lakini hii itakuokolea fedha kuliko zote. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limezimwa na kupumzika, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwa inanguruma, katika magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5. Kama injini inanguruma na mita bado inasoma 12 na kushuka, betri si mkosaji, bali alteneta au waya wake haupeleki umeme. Wapo wenzetu wengi walionunua betri mpya kwa kosa la alteneta.

Mtatuuliza mbona hatukutaja spana malaya, ile ya kupanuka na kubana. Iwepo moja sandukuni kwa dharura, lakini isiwe ya kila siku. Mdomo wake hucheza, na nati nyingi tunazoziona zimekuwa duara zimeharibiwa nayo.

KUIPIMA ZANA DUKANI

Neno "Chrome Vanadium" lililochapwa kwenye spana lisikutie usingizi. Ni jina la chuma kizuri, lakini kuchapa maandishi ni kazi rahisi, na wapo wanaochapa juu ya chuma chochote. Pima kwa mikono yako.

Nenda na nati na bolti halisi za gari lako mfukoni. Ivike spana kwenye nati. Ikiwa inacheza sana ikiwa mpya, itakuwaje baada ya mwaka? Tazama mdomo: pande mbili ziwe sambamba na laini, bila mapovu ya chuma wala nyufa. Zungusha racheti polepole usikilize. Meno yalie kwa mpangilio, na isiruke ukiishikilia kwa nguvu. Soketi ikae kwenye racheti bila kuyumba.

Usidharau zana zilizotumika. Spana kuukuu iliyofanya kazi miaka 20 bila kupanuka imeshafanya mtihani wake. Lakini dai risiti, au muuze na kuandikiana mbele ya shahidi. Zana inayouzwa gizani kwa bei ya kutupa huenda ni ya kiwanda cha jirani, na utakayekamatwa nayo ni wewe.

GARI LISILALE JUU YA KIFUA CHAKO

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa kila msomaji alisome mara mbili.

Jeki ni ya kuinulia. Si ya kushikilia. Jeki ya mafuta huweza kupoteza nguvu mpira wake mmoja tu ukichoka. Jeki ya kukunja inayokuja na gari huweza kuinama ukilisukuma gari kidogo. Gari dogo lina uzito wa kilo elfu moja na zaidi. Hakuna mbavu zinazoweza kuzuia uzito huo.

Kwa hiyo, kama unakusudia kuingia chini ya gari, fedha yako ya kwanza, kabla ya spana yoyote, ni ya stendi mbili za chuma. Tazama uzito ulioandikwa juu yake, nawe ujue uzito wa gari lako. Kama stendi bado hujapata, basi kazi za chini ya gari bado hazijawa zako. Fanya za juu.

Utaratibu ni huu. Weka gari mahali tambarare na pagumu. Kwenye udongo, tandika ubao mnene chini ya jeki na chini ya stendi, zisididimie. Vuta breki ya mkono, ingiza gia, na weka kabari kwenye matairi yanayobaki chini. Inua kwa jeki, weka stendi mahali palipoimarishwa kwenye bodi, kisha shusha gari likae juu ya stendi. Kabla hujaingia, lisukume kwa nguvu ukiwa nje. Likitingishika, anza upya.

Usitumie matofali. Tofali la saruji au la kuchoma hubeba uzito mkubwa kama limejengwa ukutani, lakini likibanwa na chuma mahali padogo hupasuka ghafla, bila kutoa onyo. Na usifanye kazi chini ya gari ukiwa peke yako nyumbani. Awepo mtu wa kuitika.

Hatari ya pili ni nati za tairi. Kwa Corolla nyingi hukazwa kwa nguvu ya Newton-mita 103. Maana yake kwa lugha yetu ni kama kuning'iniza uzito wa kilo 21 kwenye ncha ya mkono wenye urefu wa nusu mita. Mtu wa kilo 70 akipanda na kusimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 30, anakaza mara mbili ya nguvu hiyo. Bolti huvutika, na siku moja hukatika barabarani. Ipo spana ya kupima nguvu ya kukaza, nayo tutaieleza hivi punde.

Na ukifungua betri, anza na waya wa hasi, na ukifunga, malizia na huo huo. Usivute sigara karibu yake, maana betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka.

KUNUNUA PAMOJA

Sisi watu wa chama tunajua kidole kimoja hakivunji chawa. Zana nazo ni hivyo. Zipo zana ambazo kila mmoja awe nazo, na zipo ambazo ni upumbavu kila nyumba kuwa nazo.

Spana, soketi, bisibisi na koleo ziwe za kwako, maana unazitumia mara kwa mara. Lakini jeki ya toroli, stendi nne, spana ya kupima nguvu ya kukaza, mashine ya kuchajia betri na vifaa vya kuvutia beringi zinatosha moja moja kwa watu watano au sita wanaoishi kambi moja. Wachange kidogo kidogo kila mwezi kama wanavyochangia akiba na mkopo. Mwezi wa kwanza zipatikane stendi, wa pili jeki, na kuendelea.

Yawepo masharti matatu tu. Kwanza, liwe daftari: nani amechukua nini, tarehe gani, amerudisha lini. Pili, zana irudi safi. Aliyeivunja kwa uzembe alipe, iliyochakaa kwa kazi ilipwe na wote. Tatu, awepo mtunzaji mmoja, abadilishwe kila mwaka. Bila daftari, ushirika wa zana hugeuka ugomvi wa majirani.

ZANA ZA NYUMBANI NA GETI LA KAMPUNI

Hapa tunazungumza kama viongozi wa chama. Kuna wafanyakazi waliofukuzwa kazi kwa spana moja iliyokutwa mfukoni getini. Wengine walikuwa wameichukua kweli, wengine ilikuwa ni yao. Mwenye haki asiyekuwa na ushahidi na mwenye hatia hufanana mbele ya mlinzi.

Basi piga alama kwenye zana zako, kwa tindo ndogo au kwa rangi usiyoibadilisha. Kama ni lazima uingie nazo kazini, ziandikishwe getini siku hiyo hiyo, na nakala ya karatasi ibaki kwako. Zana ya mwajiri usiazime kwa maneno matupu, hata kama msimamizi ni rafiki yako. Rafiki huhamishwa, karatasi haihamishwi.

Na jambo jingine. Tusikubali zana zetu za nyumbani zigeuke kuwa zana za kampuni. Wapo wasimamizi wanaosema, "Wewe si una soketi zako, zilete." Ukizileta leo kwa wema, kesho itakuwa desturi, na keshokutwa ni sharti. Mambo ya zana yaandikwe katika mapatano ya pamoja baina ya chama na mwajiri. Na kuhusu vifaa vya kinga na usalama, Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, katika kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliufanya mkataba huu kuwa mmojawapo wa mikataba ya msingi. Kwa hiyo, stendi za nyumbani kwako ununue mwenyewe, lakini za karakana ya kampuni, pamoja na miwani na glavu, ni juu ya mwajiri.

KAZI ZA KUMWACHIA FUNDI

Fundi wa kweli anajua pa kuishia. Springi za shokapu zikiwa zimebanwa zina nguvu ya kuua. Mfuko wa hewa ulioko kwenye usukani hulipuka ukichokolewa ovyo. Na magari ya petroli na umeme, kama Toyota Prius, yana betri kubwa ambayo katika matoleo mengi hufika volti 200. Nyaya zake ni za rangi ya machungwa. Ukiona waya wa rangi hiyo, funika, uondoke.

Breki usiziguse peke yako mpaka umezifanya mara kadhaa pamoja na anayezijua. Na vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Lifute kwa kitambaa chenye maji, kwani pedi na viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, inayoharibu mapafu.

Oili chafu nayo usiimwage ardhini wala mtoni. Maji tunayokunywa kambini yanatoka huko huko. Ikusanye kwenye dumu, uipeleke gereji inayopokea oili iliyotumika.

Ndugu wafanyakazi, zana nzuri zinaweza kurithiwa. Spana sita za haki zilizonunuliwa moja moja kwa miezi sita zitamfaa baba, na baadaye zitamfaa binti au kijana wake. Tunawaomba makatibu wa matawi wasome makala haya katika mkutano ujao, na wale wanaotaka kuanzisha sanduku la pamoja waandikishe majina yao. Waanze na stendi mbili.